Ulimi wa Tatu

Fundi wangu ana miaka 26, mimi nimeshapita 40. Yeye huniita mzee, mimi humwita fundi, na hapo heshima zetu zinalingana. Banda lake la mabati liko Kariobangi Light Industries, Nairobi, pale ambapo matatu huingia tupu kama kabati jipya na kutoka limejaa sura za wanamuziki, wachezaji wa mpira, na pengine sura ya mtu ambaye mwenye gari peke yake ndiye anayemjua. Nilimwendea na ombi moja: anifundishe kuchora moto.

"Moto upi, mzee? Wa kweli au wa zamani?"

Sikujua kuwa iko miwili. Wa kweli hupulizwa kwa ebrashi, tabaka juu ya tabaka la rangi inayopenyeza mwanga, mpaka ukipita karibu na gari unatamani kuita zimamoto. Wa zamani ni ule wa ndimi ndefu zenye kingo kali, zinazoanzia puani mwa gari na kulala kuelekea milangoni. Huo ulikomaa California, Marekani, kwenye magari yaliyofumuliwa injini ili yaende mbio. Katika miaka ya 1950 mafundi kama Kenneth Howard, aliyejulikana kwa jina la Von Dutch, waliuchora huko Los Angeles. Nikachagua wa zamani, nikidhani ndio mwepesi. Fundi akacheka, akanipa msasa.

Jumamosi ya kwanza ilikwisha hivyo: msasa namba 600, ndoo ya maji, na boneti nyeusi ya Nissan ambayo gari lake lilishauzwa vipande vipande. Sina la kuisifia siku hiyo.

Jumamosi ya pili nikapewa chaki. Nikachora moto niujuao, wa mafiga matatu: vilele vimesimama kama meno ya msumeno. Fundi akaufuta wote kwa kiganja. "Gari linakwenda, mzee. Huo wako umeegeshwa." Akachora ulimi mmoja kwa mkupuo, mkono ukitokea begani, kifundo hakigeuki. Kisha akachora wa pili, na kati ya hizo ndimi mbili pakabaki umbo ambalo nililitazama kwa muda mrefu bila kukumbuka nimeliona wapi.

Nilikumbuka usiku, kitandani. Ilikuwa korosho ya kanga. Bibi yangu wa Mombasa alikuwa na doti moja yenye korosho kubwa kubwa, kichwa kinene cha mviringo na mkia unaopinda ukichongoka. Ila kwenye boneti ile korosho haikuwa moto. Ilikuwa ule weusi ulioachwa kati ya ulimi na ulimi. Jumamosi iliyofuata niliacha kuchora ndimi, nikachora korosho, moja nene, moja nyembamba, hakuna iliyofanana na jirani yake, na moto ukajitokeza wenyewe pale ambapo sikugusa. Fundi hakusema kitu. Alikwenda kuleta tepu.

Tepu yenyewe si ile ya karatasi, ambayo ukiipinda hujikunja kama sketi. Ni ya plastiki, upana wake milimita 3, na inakubali kona. Mkono wa kulia unashika gurudumu lake na kulivuta kidogo tu, gumba la kushoto linafuata likiilaza. Macho hayatazami gumba. Yanatazama ncha ya ulimi, kule tepu inakokwenda. Ukiangalia ulipo, mstari unatetemeka. Niliibandua na kuibandika tena asubuhi nzima. Nikaziba kwa karatasi kila mahali pasipotakiwa moto, kisha nikaona nimestahili chai na mahamri.

Mahamri yaliniponza. Nilirudi nikapitisha vidole kukagua kingo. Fundi akapuliza nyeupe kwanza, maana rangi ya njano ni dhaifu, ukiipaka juu ya nyeusi inamezwa. Nyeupe ilipotua, ikakimbia mahali patano: vishimo vitano vya duara, vimejipanga kama nilivyoweka mkono. Mafuta ya mahamri. Rangi haikai juu ya mafuta. Fundi alivihesabu kwa sauti, akanirudishia msasa.

Wakati nikisugua alinihadithia mwalimu wake, aliyechora matatu hadi Februari 2004, sheria za usafiri za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa na kila matatu likatakiwa kuvaa mstari wa manjano. Mtu aliyejua kupinda tepu kuliko yeyote mtaani akabaki kuinyoosha. "Mistari yake ilikuwa safi kupita kiasi," fundi alisema. Aliingoja michoro irudi, na ikarudi.

Duru ya pili ikakubali. Njano mashinani, rangi ya chungwa katikati, nyekundu kwenye ncha, kila moja ikipulizwa kidogo kidogo hadi usijue inaishia wapi. Kisha ile saa niipendayo kuliko zote: kubandua tepu. Hungoji rangi ikauke kabisa, maana itapasuka pamoja na tepu. Unaikunja irudi juu ya mgongo wake, unavuta polepole, na weusi unafunuka korosho kwa korosho. Ukingo wa ulimi wa tatu ulikuwa umevuja. Fundi akachukua brashi yenye nywele ndefu za kindi, akavuta mstari mwembamba wa buluu ukingoni, na uvujaji ukatoweka chini yake. Mkono wangu mpaka leo hauwezi hilo.

Mwezi jana alinipa bampa ya nyuma ya matatu la njia namba 58, kazi yangu ya kwanza ya barabarani. Juzi jioni nilikwama nyuma yake Jogoo Road, foleni haisogei, taa nyekundu zikimulika moja kwa moja kwenye moto wangu. Ulimi wa tatu ni mnene mno. Nilikaa nao dakika ishirini.