Mzinga Bila Ndege

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba nihakiki kitu kisicho na hata ukurasa mmoja wa hadithi: boksi la modeli. Usigune, ndugu msomaji. Kama kinyago cha Mmakonde ni sanaa, basi na hiki kinachoungwa kwa plastiki na gundi tukipime kwa fani na maudhui, tena kwa faida yetu sisi tunaochipukia.

Boksi lenyewe ni la mzinga mwepesi wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili, Flakvierling 38. Kampuni ya Tamiya ya Japani ni mojawapo ya walioutoa, kwa kipimo cha 1 kwa 35. Flak ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya mzinga wa kutungulia ndege, na Vierling ni vitu vinne vilivyo pamoja. Yaani mitutu minne, kila mmoja una tundu la milimita 20, imefungwa juu ya kitako kimoja kinachozunguka. Ulianza kutumika mwaka 1940, kwa kuwa ule wa mtutu mmoja haukutosha mbele ya ndege zilizopita chini chini kwa kasi.

Tuanze na fani. Hapa sina ubishi, jamaa wameweza. Kwa kipimo hicho, mtu wa sentimita 175 anakuwa wa sentimita 5. Tundu la milimita 20 linabaki kama nusu milimita tu, na mafundi wa kazi hii hulitoboa kwa kekee nyembamba kama sindano. Kiti kipo, ngao za chuma zipo, kasha la risasi 20 lipo. Na kuna pedali mbili. Kila pedali ilifyatua mitutu miwili iliyokaa kimshazari, ili miwili ikipiga, mingine iweze kubadilishiwa kasha. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anaua kwa miguu, amekaa kitako kama fundi cherehani wa barazani. Nani kati yetu angelibuni hilo akiwa amekaa tu chumbani? Mwandishi anayetaka kuandika vita na ajifunze hapo: kitu kimoja kidogo kilichochunguzwa vizuri kinashinda kurasa kumi za milio ya "pa! pa! pa!".

Sasa maudhui, na hapa ndipo kwenye kazi. Mtungulia ndege anatazama juu. Mzinga wote umeundwa kwa ajili ya kitu kilichoko angani, lakini ndani ya boksi hakuna ndege, wala rubani. Mitutu minne imeelekezwa kwenye dari la sebule ya mnunuzi. Vita imebaki na upande mmoja, na upande huo ni safi, haujamdhuru mtu.

Tena tuwatazame wahusika. Askari wa modeli hizi kwa kawaida ni wanaume waliokomaa, taya pana, kofia imekaa sawasawa. Lakini kuanzia mwaka 1943 Ujerumani iliwachukua wanafunzi wa sekondari, wavulana wa miaka 15 hadi 17, ikawapeleka kusaidia kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Ndiyo, watoto wa rika la kidato cha pili na cha tatu! Mmoja wao alikuwa Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16. Mwingine alikuwa Günter Grass, mwandishi wa riwaya aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Grass huyo mwaka 1944 aliingizwa kwenye jeshi la Waffen-SS, na hakulisema hilo hadharani mpaka mwaka 2006, akiwa mzee wa karibu miaka 80. Kipande kilichokosekana boksini alikaa nacho kifuani zaidi ya miaka 60. Kwangu mimi riwaya ya mzinga huu imo humo, haimo kwenye ngao wala kwenye kasha.

Msomaji atasema hayo ni ya Ulaya, sisi wa Singida yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Jirani zetu wa Kondoa waliisikia mizinga ya Kijerumani mwaka 1916. Ilitoka kwenye manowari ya Königsberg, iliyozamishwa mto Rufiji Julai 1915. Meli ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Wajerumani waliiopoa, wakaifunga magurudumu Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja unaonekana mpaka leo Fort Jesus, Mombasa. Ukiutazama pale, chuma kimesimama peke yake. Wale waliouvuta kwa kamba porini, mamia ya Waafrika, hawapo. Kwenye vita ile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Siku mtu akitoa boksi la mzinga huo, ataweka wapagazi wangapi wa sentimita 5? Nadhani hata mmoja hatamweka.

Sasa nigeukie miswada yetu ya vita, hasa ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Humo silaha zina majina kamili na namba zake, ila wahusika hawana mama, hawaumwi tumbo, na adui ni kivuli tu kinachoanguka. Hiyo si riwaya, bwana, hiyo ni modeli. Vipande vyote vimeungwa barabara, na gundi haionekani, lakini ndege hamna.

Ninapotafuta dawa, naikuta kwa watoto wa vijijini kwetu wanaofinyanga ng'ombe wa udongo. Nundu huwa kubwa mno na pembe zimezidi kipimo, kwa sababu mtoto mchungaji anajua ng'ombe dume hutazamwa nundu na pembe. Yeye hapimi kwa rula, anapima kwa kile kinachomgusa.

Hukumu yangu basi. Kwa fani, modeli ya Flakvierling imefaulu, na mvivu wa uchunguzi aende akajifunze kwake. Kwa maudhui imefeli, kwani imemficha aliyelengwa na imemficha mtoto aliyekanyaga pedali. Anayeandika vita miongoni mwetu achukue uchunguzi wa mwenye modeli na kipimo cha mtoto mfinyanzi. Na kabla hajaleta mswada, ajiulize: huyu mtu wangu anampiga nani, na huyo anayepigwa ana jina gani?