Mama Mahali pa Somo: Tenzi za Wasia na Msomaji wa Kiambere

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya tungo za wasia, yaani tungo ambamo mzazi humwusia mwanawe namna ya kuishi na watu. Mashuhuri kuliko zote ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika janibu za Lamu na Siu. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliifuata njia hiyo hiyo katika Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Tungo hizi zimehakikiwa mara nyingi. Hata hivyo uhakiki mwingi umeshughulikia kile kinachousiwa, na umepita haraka juu ya swali la nani mwenye haki ya kuusia. Makala haya yanadai kwamba swali hilo la pili ndilo linaloufungua utungo, na kwamba msomaji aliye mbali na pwani, kwa mfano yule wa Kiambere katika nchi ya Wambeere, yuko karibu nalo zaidi kuliko anavyodhaniwa na watungaji wa vitabu vya shule.

Kwanza yafaa kukumbuka hali iliyouzaa utendi wenyewe. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyefariki mwaka 1856 baada ya miaka mingi ya kushindana na Sultani wa Zanzibar. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake, kama anavyoeleza, ulikuwa umetimiza mwaka. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, ambaye alikuwa bado hajafikia umri wa miaka ishirini, aje karibu na wino na karatasi. Anachoahidi kumpa ni pambo na kinga: kidani cha kuvaa shingoni na hirizi ya kumlinda. Ndipo anapoingia katika wasia wenyewe: dini, adabu, ulimi wa kweli, heshima kwa wakubwa, kisha kwa kirefu sana mambo ya mume, namna ya kumtunza anapolala, namna ya kumnyoa, udi wa asubuhi na wa jioni, na ruhusa ya kutoka nyumbani.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kusita. Katika miji ya Waswahili mambo ya unyumba hayakuwa kazi ya mama mzazi. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke mzima aliyemfunda usafi, mwili na mume, na ambaye aliendelea kuwa mshauri wake hata baada ya harusi. Pengine alikuwapo pia kungwi wa kuongoza unyago. Mama alijitenga na mazungumzo hayo kwa sababu ya haya. Mambo ambayo somo aliyasema wazi, tena kwa nyimbo na mzaha, yeye hakuweza kuyasema akamtazama mwanawe usoni. Kwa hiyo Mwana Kupona, anapotaja kichwa cha mume na ndevu zake, amekaa mahali pasipokuwa pake. Anajua hivyo. Ugonjwa ndio udhuru wake na karatasi ndiyo pazia lake. Neno lililoandikwa linaweza kusomwa mama akiwa hayupo, nalo huwaondolea wote wawili aibu ya kutazamana.

Wahakiki wa miaka ya 1970, waliokuwa wakizipima tungo kongwe kwa mizani ya matabaka, walikuwa na sababu njema ya kuuona utendi huu kuwa sauti ya umwinyi: mwanamke wa nyumba ya utawala anamfundisha bintiye utii ambao utahifadhi mali na jina la ukoo. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliurejea utendi huo kwa jicho jingine, akitilia mkazo nguvu ya lugha ya mtunzi na uwezekano wa kuwapo kejeli katika mashauri yake. Mikabala hii miwili inapingana, lakini ina msingi mmoja: yote inayapima mashauri. Je, yanamdhalilisha mwanamke au yanampa silaha? Swali hilo ni la haki, wala halijakwisha. Lakini linamchukulia mama kama msemaji wa kawaida, kana kwamba kila binti wa Siu alifundwa hivyo na mamaye. Ikiwa msemaji si wa kawaida, basi hata utii anaoufundisha haufai kusomwa kama desturi tu. Ni mambo yaliyochaguliwa na mtu aliyehesabu siku zake, akaamua ni yapi hayawezi kuachiwa mwingine ayaseme.

Sasa tuchukue msomaji wa Kiambere. Nchi ya Wambeere iko chini ya miteremko ya Embu, kavu, yenye mtama, mawele, kunde na mbuzi. Kiambere iko kusini mwake karibu na Mto Tana, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Wakamba. Lugha ya jikoni na ya malezi ni Kimbeere. Kiswahili ni cha soko, cha ofisi na, zaidi ya yote, cha shule. Mwanafunzi wa huko anapokutana na Mwana Kupona huwa amezungukwa na maneno ya Kiamu asiyoyajua, udi asioujua na bahari asiyoijua. Mwalimu humfasiria, humworodheshea dhamira, kisha humwuliza maswali. Yeye naye, kama ana ujasiri, anaweza kuuliza swali ambalo halimo katika mwongozo: kwa nini haya anayasema mama? Nyanya yuko wapi?

Swali hilo lina mizizi yake. Miongoni mwa Wambeere, kama miongoni mwa majirani zao Waembu, watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao. Kati ya mzazi na mtoto pana heshima na mipaka. Kati ya mtoto na nyanya pana utani na maneno ya wazi. Yale ambayo mama huona aibu kuyasema, nyanya huyasema akicheka. Sasa, wataalamu wa lugha hawahitaji kukumbushwa kwamba neno somo katika Kiswahili lina maana mbili zaidi ya ile ya kipindi cha darasani: ni mwalimu wa msichana, na pia ni mtu wa jina moja na mwingine. Msichana wa Kimbeere aliyeitwa kwa jina la nyanya yake ana somo kwa maana ya jina, na mara nyingi mtu yule yule ndiye somo yake kwa maana ya mafunzo. Haidaiwi hapa kwamba desturi hizi mbili zina asili moja. Linalodaiwa ni kwamba neno la Kiswahili linaitosha hali ya Kiambere barabara, na kwamba mwanafunzi anayeuliza nyanya yuko wapi ameuliza, bila kujua, somo yuko wapi. Amegusa jambo ambalo wahakiki wengi wenye nyenzo zote hawakuligusa.

Ni ajabu kidogo kwamba shule, iliyolichukua neno somo na kulifanya sehemu ya ratiba, ndiyo iliyomsahau yule mwanamke.

Jambo hili lina uzito wa pekee huko Kiambere. Katika miaka ya 1980 bwawa la Kiambere lilijengwa, la mwisho katika msururu ulioanza na Kindaruma mwaka 1968 na kupitia Kamburu, Gitaru na Masinga, na mitambo yake ya umeme ikazinduliwa mwaka 1988. Maelfu ya watu walihama kutoka bondeni. Walilipwa fidia ya fedha, wakaachiwa kila mmoja ajitafutie mahali. Utafiti wa E. K. Mburugu, uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 1994, ulionyesha jinsi hali ya wengi wao ilivyodidimia. Fidia ilihesabu ardhi, nyumba na miti. Ujirani haukuwa na bei katika hesabu hiyo. Mtu aliyehamia mbali alipata pengine shamba, lakini alikuwa ameacha nyumba ya nyanya na ya shangazi umbali ambao mtoto hawezi kwenda kwa miguu jioni na kurudi. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1985, ulianza mfumo wa 8-4-4 ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani katika shule za Kenya. Hivyo Kiswahili kiliingia kwa nguvu katika madarasa ya Kiambere wakati ule ule ambapo kwa nyumba nyingi mlolongo wa washauri wa mtoto ulikuwa unakatika. Mama wengi walijikuta mahali pa Mwana Kupona, bila maradhi na bila utendi: kuyasema wenyewe yale yaliyokuwa kazi ya mwingine, au kuyanyamazia.

Je, utendi una lolote la kumpa mama huyo? Mashauri yake kuhusu mume yana machache ya kumfaa, na si lazima kujifanya vinginevyo. Linalomfaa ni kile ambacho utendi unafanya baada ya mashauri. Maneno yaliyoanza kwa binti mmoja, chumbani, yanapanuka. Mtunzi anawaelekea wanawake wengine na kuwataka nao wausome. Anawaombea nduguze na jamaa zake. Sala yake ndefu inawakusanya watu wengi kuliko wasia ulivyowakusanya. Na historia ya utendi ilitimiza ombi hilo. Ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ukahifadhiwa katika nyumba za Lamu na visiwa vyake, ukasomwa kwa sauti. Nakala zilizopo hutofautiana, jambo linalowasumbua wahariri lakini linalopaswa kumfurahisha mhakiki, kwa kuwa ni alama ya mikono mingi. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, na tena pamoja na William Hichens mwaka 1934, J. W. T. Allen akautia katika kitabu chake cha Tendi mwaka 1971. Lakini kabla ya matoleo hayo ulikwisha kuwa mali ya kundi la wanawake ambao hawakuwa mabinti wa Mwana Kupona na ambao kwa njia ya usomaji walipata mama wa pili. Pengo la somo mmoja lilijazwa na mkusanyiko.

Mkusanyiko huo ulikuwa na mlango, na si kila mtu aliruhusiwa kuingia. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo mara nyingi huachwa kimya darasani, au husemwa kwamba ni mambo ya zama zake. Ni kosa kuupuuza. Ikiwa utendi unajenga jamii ya wasikilizaji, basi mhakiki hana budi kusema ni nani aliyebaki nje. Wanawake waliopika, waliochota maji na pengine waliowabeba watoto wa nyumba hiyo migongoni walikuwa nao wakilea, na hekima yao haikuhesabiwa kuwa wasia.

Kwa Shaaban Robert mambo yanabadilika. Alifiwa na mkewe Amina, naye katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, anaonekana akiwa baba aliyebaki na deni la malezi. Katika Utenzi wa Hati anasema na binti yake Mwanjaa, na athari ya Mwana Kupona ni dhahiri, hata katika wazo la maandishi yanayovaliwa kama kinga. Baba kumfunda binti mambo ya ndoa ni ukiukaji mkubwa kuliko ule wa mama; ilitazamiwa basi kwamba utungo ungetetemeka kidogo kwa haya. Hautetemeki. Shaaban Robert anazungumza kwa utulivu wa mwalimu wa taifa, na Mwanjaa, ingawa ametajwa, angeweza kuwa msichana yeyote wa Tanganyika. Hilo limeupa utenzi wake usomaji mpana na limeufanya uwe rahisi kufundishwa. Limeunyima, hata hivyo, kile kinachoupa utendi wa Siu uhai wake, yaani hisia kwamba anayesema amelazimika kusema. Adili, uliotungwa kwa mwana wa kiume, una udhaifu huo zaidi: maadili yanafuatana moja baada ya jingine kama vitu ghalani. Shaaban Robert aliwaandikia watu wote tangu mwanzo. Mwana Kupona aliwafikia watu wote kwa kupitia mmoja, na njia yake ndiyo iliyozaa wanakili.

Kwa sababu hiyo ufundishaji wa tungo hizi katika shule za bara unahitaji kugeuzwa mwelekeo. Hivi sasa mwanafunzi hufundishwa kwanza msamiati, kisha dhamira, kisha tamathali, na utendi humfikia kama orodha ya amri za mama wa Kiislamu wa karne ya 19 ambazo hazimhusu. Angeanzishiwa na swali la nani anayesema na kwa nini si mwingine, angekuwa na kitu cha kuleta kutoka kwao. Kiambere haina uhaba wa mikusanyiko ya malezi: viko vikundi vya akina mama vya kanisa, viko vya kuweka akiba ambavyo hukutana kwa ajili ya fedha na kuishia kuzungumza watoto. Huko ndiko wasia unakotungwa siku hizi, kwa Kimbeere kilichochanganyika na Kiswahili, na mama asiye na nyanya karibu hupata huko masomo kumi badala ya mmoja. Mwanafunzi aliyetumwa kusikiliza, kisha akaandika kwa Kiswahili aliyoruhusiwa kuyaandika, atarudi na maswali juu ya yale aliyokatazwa. Atajua kwa nini Mwana Kupona alihitaji karatasi. Na huenda akamwuliza mwalimu wake juu ya ule ubeti wa watumwa, maana katika kikundi chochote kile yuko mama ambaye hukaa pembeni na asiyeulizwa neno.