Mahali pa Tumaini katika Maombolezo

Katika vitabu vya Agano la Kale ni vichache vilivyosifiwa kwa sehemu ndogo na kusahauliwa kwa sehemu kubwa kama kitabu cha Maombolezo. Kina aya 154, na katika hizo Mkristo wa kawaida huzijua mbili au tatu, zile za mlango wa tatu zinazonena juu ya rehema isiyokoma na uaminifu wa Mungu unaoonekana upya kila kunapokucha. Aya hizo husomwa kando ya kitanda cha mgonjwa na huandikwa katika barua za rambirambi. Mwaka 1923 Mmarekani Thomas Chisholm alizifanya msingi wa wimbo ulioenea katika makanisa ya nchi nyingi. Aya nyingine zipatazo 150 huachwa zilale. Hili si kosa dogo la usomaji. Mtu aliyepatwa na msiba akipewa aya tatu hizo peke yake, hupewa jibu pasipo swali lililolizaa, na huenda akaona haya kwamba yeye angali analia ilhali mtungaji, kwa kadiri aonyeshwavyo, amekwisha kunyamaza. Yafaa basi kuuliza kwamba tumaini hilo limewekwa mahali gani katika kitabu, na kitabu kinafanya nini baada ya kulitamka.

Habari yenyewe yajulikana. Mnamo mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo majeshi ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli, yaliuvunja Yerusalemu baada ya kuuzingira kwa muda mrefu. Hekalu lilichomwa moto, mfalme alitiwa minyororo, na watu wengi wakahamishwa. Mapokeo ya kale yanamtaja nabii Yeremia kuwa ndiye mtungaji, lakini matini ya Kiebrania yenyewe haitaji jina la mtu, na huenda tungo hizo tano zilitoka katika vinywa zaidi ya kimoja. Neno hili halipunguzi kitu. Yeyote aliyezitunga aliiona njaa kwa macho yake, au alikaa karibu sana na walioiona.

Umbo la tungo hizi lastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndilo linalopotea kwanza katika tafsiri. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, tangu Alefu hadi Tau. Utungo wa kwanza na wa pili una beti 22 za mishororo mitatu mitatu, na kila ubeti huanza kwa herufi yake kwa utaratibu. Wa nne una beti 22 za mishororo miwili miwili. Wa tatu umekazwa kuliko yote: mishororo yote mitatu ya kila ubeti huanza kwa herufi ile ile, na kwa hiyo umehesabiwa kuwa na aya 66. Wa tano una aya 22, hesabu ile ile ya herufi, lakini herufi zenyewe hazikufuatwa tena. Juu ya hayo, katika sehemu kubwa ya kitabu mshororo umegawanyika vipande viwili, cha kwanza kirefu na cha pili kifupi, mithili ya mtu aanzaye kusema akaishiwa na pumzi. Mwanachuoni wa Kijerumani Karl Budde alieleza jambo hilo mwaka 1882, na tangu siku hizo mwendo huo umejulikana kuwa mizani ya mbolezi ya Kiebrania.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na ufundi huu wa herufi. Washairi wa pwani ya kaskazini, walioandika kwa hati za Kiarabu, nao walitunga kwa kufuata alifu hadi ye, na Durra Mandhuma ni mfano mashuhuri. Lakini katika Durra herufi hubeba mafundisho ya dini, na utaratibu wake wakubaliana na utulivu wa mwalimu. Katika Maombolezo herufi hubeba kilio, kitu kisichokuwa na utaratibu kabisa. Norman Gottwald, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alisema kwamba mtungaji alitaka kuisema huzuni yote, tangu mwanzo hadi mwisho, isibaki hata chembe. Rai hiyo ni nzuri, ila haitoshi. Kama mtungaji alikuwa amekwisha kuisema yote alipofika Tau, mbona alirudi Alefu mara ya pili, ya tatu na ya nne? Yaelekea kwamba kila alipoifikia herufi ya mwisho aliona msiba ungali umesimama palepale ulipokuwa.

Sasa tumaini liko wapi? Halikuwekwa mwishoni mwa kitabu, kama hadithi nyingi zifanyavyo. Wala haliko katikati kabisa, ijapokuwa wafafanuzi wengi wamependa kusema hivyo. Liko katika ubeti wa Hethi, herufi ya nane, aya ya 22 hadi ya 24 za utungo wa tatu. Baada yake utungo huo peke yake una aya 42 zaidi, na kitabu kizima kina 86. Zaidi ya nusu ya kilio yaja baada ya tumaini kutamkwa.

Mtu asemaye katika utungo huu hana jina. Anajiita tu mwanamume aliyeona mateso. Katika aya 17 za kwanza anamshtaki mtesi wake kwa maneno makali sana: amemzungushia ukuta, amemvizia kama dubu, amemfanya shabaha ya mishale, amemvunja meno kwa changarawe, na maombi yake ameyafungia nje. Mtesi huyo hatajwi. Ni yeye, yeye, yeye. Jina la Mungu latokea mara ya kwanza katika aya ya 18, na latokea ndani ya usemi kwamba tumaini lililotoka kwake limepotea. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Mtu huyu analitaja jina ili kuliaga, na kwa kulitaja anajikuta hawezi kuondoka. Aya tatu baadaye anasema kwamba lipo jambo analolirudisha moyoni, na kwa hilo anatumaini. Kati ya aya ya 18 na ya 21 hapana lililobadilika nje: ukuta haujajengwa, mateka hawajarudi, mtoto hajapata chakula. Kilichofanya kazi ni kumbukumbu tu.

Neno linalofasiriwa uaminifu katika aya ya 23 ni emuna. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina, kwa kuwa shina lake ni ndugu wa shina la Kiarabu lililotupatia amini, imani, amana na mwaminifu. Na amina yenyewe yatoka katika shina hilo hilo. Lakini maana yake ya zamani yashikika kwa mkono. Katika Kutoka mlango wa 17, Israeli walipopigana na Amaleki, mikono ya Musa ilichoka, na Haruni na Huri wakaitegemeza huku na huku; neno lisemwalo juu ya mikono hiyo kuthibitika mpaka jua likachwa ni hilo hilo emuna. Basi uaminifu unaonenwa katika Maombolezo ni kitu kama mkono usioshushwa, hata kazi inapokuwa ngumu na siku ndefu. Msomaji mwenye kulijua neno amana anaweza kusogea karibu zaidi: mwenye kuweka amana hana mali yake mkononi, wala haioni, alicho nacho ni tabia ya yule aliyeishika.

Ubeti wa Hethi wafungwa kwa neno jingine ambalo mahubiri hulipita mbio, neno fungu. Mwombolezaji anasema kwamba Mungu ndiye fungu lake. Kwa Kiebrania neno hilo latumika kwa sehemu ya ardhi iliyogawiwa ukoo. Haruni na uzao wake, katika kitabu cha Hesabu, hawakupewa ardhi kwa sababu Mungu mwenyewe alikuwa fungu lao. Tafsiri ya Kiswahili imechagua vyema, maana katika mirathi kila mrithi ana fungu lake, na neno lina uzito wa sheria. Ila lazima lisomwe pamoja na mwanzo wa utungo wa tano, ambamo watu wanalia kwamba urithi wao umepewa wageni na nyumba zao zimekwenda kwa watu wa mbali. Asemaye kwamba Mungu ni fungu lake ni mtu aliyenyang'anywa shamba. Katika kinywa cha mwenye shamba maneno yale yale ni mapambo tu.

Baada ya tumaini huja aya chache za utulivu, zenye kufundisha kwamba ni vema kungoja kwa kunyamaza, na herufi Tethi inampa mtungaji neno moja, jema, kwa kuanzia mishororo yote mitatu. Wengine wameuona ubeti huo kuwa kilele cha kitabu. Lakini ukisonga mbele hadi aya ya 42 wasikia watu wakiungama kwamba wameasi, na palepale wakiongeza, bila adabu ya kanisani, kwamba Mungu hajasamehe. Katika aya ya 44 Mungu amejifunika wingu hata maombi yasipite. Yaani lile lango lililofungwa katika aya ya 8 limefungwa tena, na safari hii uaminifu umekwisha kusifiwa! Kisha machozi yanaanza upya, nayo yameahidiwa kutokoma mpaka Mungu aangalie kutoka mbinguni. Katika kitabu chote Mungu hasemi neno. Liko moja tu alilopata kulisema, katika aya ya 57, la kumwambia mtu aliye shimoni asiogope, nalo limeletwa na mwombolezaji kama jambo alikumbukalo. Hapa ndipo Maombolezo yanapoachana na habari za Ayubu, za Biblia na za utenzi wa Kiswahili pia, maana Ayubu mwishowe huponywa na kurudishiwa.

Utungo wa nne ndio unaomtia msomaji katika jaribio kubwa. Rehema zinazosifiwa katika Hethi zatoka katika shina lenye maana ya tumbo la uzazi, shina ambalo Mswahili analisikia katika rehema, Rahmani na Rahimu. Katika aya ya 10 ya utungo wa nne shina hilo hilo latumika kwa wanawake wenye huruma ambao, katika njaa ya mazingiwa, waliwapika watoto wao. Ni vigumu kuamini kwamba mtungaji mwenye kuchagua herufi kwa uangalifu namna hii hakusikia mwangwi wa neno lake mwenyewe. Alikuwa amesema kwamba rehema ya Mungu haikomi. Sasa anaonyesha rehema ya mama ikikoma, na hasemi lolote la kuyapatanisha mawili hayo. Anayetaka kuuhubiri uaminifu wa Mungu kutoka katika kitabu hiki hana ruhusa ya kuiruka aya hiyo, kwa kuwa yule aliyeandika ya kwanza hakuiruka ya pili.

Claus Westermann, katika kitabu chake cha mwaka 1990, aliwalaumu wafafanuzi kwa kuutukuza utungo wa tatu na mafundisho yake ya saburi, wakaacha kilio cha tungo nyingine kana kwamba ni giza la kupitia tu. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini wako waliokwenda mbali zaidi baada yake, hata Hethi ikaonekana kuwa sauti ya mtu mwoga anayejaribu kuwanyamazisha wenye kulia. Hilo halikubaliki. Yule mtu wa utungo wa tatu hamnyamazishi mtu. Yeye mwenyewe ndiye alianza kulia, na ndiye aliyerudi kulia. Tumaini lake halikupewa kazi ya kukifuta kilio. Ndilo lililompa mtu wa kumlilia. Mtu asiyeamini kwamba yuko mwaminifu hangehangaika kumwambia kwamba amejifunika wingu.

Mwisho wa kitabu umewasumbua wasomaji tangu zamani. Aya ya mwisho ya utungo wa tano inaacha wazi kwamba huenda Mungu amewakataa watu wake kabisa, na wafasiri hawajapatana kama ni swali, sharti, au kauli. Wayahudi, wanapokisoma kitabu siku ya tisa ya mwezi wa Abu, hawaishii hapo. Hurudia kwa sauti aya ya 21, ile iombayo kurejezwa, ndipo wakanyamaza. Aya ya 22 hawakuifuta wala kuigeuza.

Kanisa la Kirumi nalo katika desturi yake ya kale lilikuwa na namna yake. Siku tatu za mwisho wa Juma Kuu masomo ya Maombolezo yaliimbwa katika sala ya usiku, na majina ya herufi za Kiebrania, ambayo hayana maana yoyote katika Kilatini, yaliimbwa pamoja nayo. Mwanzo wa utungo wa tatu, wenye giza na minyororo, uliwekwa Ijumaa Kuu. Ubeti wa Hethi haukungojeshwa mpaka Pasaka. Uliwekwa Jumamosi Kuu, siku Kristo yumo kaburini na jiwe lingali mlangoni. Na kabla ya masomo ya Maombolezo ya siku hiyo kwisha, mwimbaji alifika utungo wa tano, akaimba habari za watu wanaonunua kwa fedha maji yao wenyewe.