Chipu Kwanza, Sindano Baadaye: Hesabu ya Kumhamisha Mbwa wa Kitengela

Mbwa wa Kitengela aliyechanjwa kila mwaka bila kukosa anaweza kufika siku ya kuombewa cheti cha Ulaya akahesabiwa kama mbwa asiyewahi kuchanjwa. Kadi anayo, imejaa mihuri na stika za chupa za dawa. Kinachokosekana ni namba ya chipu iliyosomwa kabla ya sindano. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, chanjo ya kichaa cha mbwa iliyodungwa kabla mnyama hajatiwa chipu haitambuliki, maana hakuna awezaye kuthibitisha kwamba Simba wa kwenye kadi ndiye Simba huyu aliyeletwa mezani. Na Kitengela ina akina Simba wengi.

Ulaya imezigawa nchi za dunia kwa hofu ya ugonjwa huu. Mbwa anayetoka Mauritius au Dubai anaombwa chipu na chanjo, basi. Mbwa anayetoka Kenya anaongezewa kipimo cha damu na miezi mitatu ya kungoja, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo kwetu. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na mpango wa taifa uliozinduliwa 2014 umelenga kuutokomeza ifikapo 2030. Kajiado, kaunti ilipo Kitengela, hali ni rahisi kueleweka: Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, bweha na fisi hupita hadi kwenye uwanda, na mbwa wa boma hukutana nao usiku bila mwenyewe kujua. Afisa wa Amsterdam anayemwogopa mbwa wako hakuonei.

Tuanze na chipu. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, hudungwa chini ya ngozi ya shingo, na hubeba namba ya tarakimu 15. Inayotakiwa ni ile ya viwango vya ISO 11784 na 11785, ili skana za Ulaya ziweze kuisoma. Kajiado ni kaunti ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa hiyo usidhani kila daktari wa mifugo ana chipu kabatini. Piga simu uulize, uulize pia kama ana skana. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, mradi chipu itangulie, isomwe, na namba iandikwe pamoja na tarehe.

Chanjo yenyewe idungwe na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, mnyama akiwa ametimiza wiki 12. Dawa uliyonunua agroveti ukamdunga mwenyewe nyuma ya nyumba inaweza kumkinga mbwa vizuri kabisa, lakini kwenye karatasi haipo. Hali ni hiyo hiyo kwa kampeni za chanjo zinazofanywa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni kazi njema kwa umma. Ila mwenye mpango wa kuhama amtie mbwa chipu kabla ya kumpeleka kwenye foleni ile.

Sasa kalenda. Tuseme chipu na chanjo vimefanyika Januari 5. Damu haitolewi kabla ya siku 30 kupita, yaani Februari 4 kwenda mbele. Ikitolewa Februari 6, mbwa anaweza kuingia Ulaya kuanzia Mei 6. Kwa mtoto wa mbwa hesabu hii ina maana kwamba hatavuka kabla ya kufikisha karibu miezi saba, hata mwenyewe awe na haraka kiasi gani.

Damu ndiyo sehemu inayoharibika kwa urahisi. Daktari huizungusha kwenye mashine ili seramu ijitenge, huiweka kwenye ubaridi, kisha husafirishwa nje ya nchi hadi maabara iliyoidhinishwa na Ulaya. Mojawapo ni Onderstepoort, karibu na Pretoria. Nyingine ni ya Nancy, Ufaransa, ambayo ndiyo inayopima umahiri wa maabara nyingine. Huko seramu huchanganywa na virusi hai vya kichaa cha mbwa ili kuona kama kingamwili zitavizima. Matokeo yawe angalau 0.5 ya yuniti za kimataifa kwa mililita. Mbwa aliyedungwa mara moja tu maishani anaweza kushindwa, kwa kuwa kingamwili za sindano ya kwanza hupanda kwa wiki chache kisha huanza kushuka. Ndiyo maana madaktari wenye uzoefu hudunga sindano ya pili kabla ya kutoa damu. Ningewasikiliza: gharama ya sindano ni ndogo kando ya gharama ya kutuma damu upya.

Watu hulalamikia miezi mitatu kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo yenye sababu nzito zaidi. Kipimo kinaonyesha kwamba mwili umetengeneza kinga; hakionyeshi kwamba mbwa hakuumwa na bweha wiki moja kabla ya kuchanjwa. Virusi hupanda polepole kwenye neva kuelekea ubongo, na mara nyingi dalili hujitokeza ndani ya wiki au miezi michache. Miezi ile humpa mbwa mgonjwa muda wa kujionyesha akiwa bado nyumbani. Uingereza ilikuwa kali zaidi: hadi mwisho wa 2011, mbwa wa kutoka nchi kama Kenya alifungiwa karantini miezi sita baada ya kufika. Leo inakubali kusubiri kwa miezi mitatu, ila humtaka mbwa apewe dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuwasili.

Baada ya hapo kazi hutoka Kitengela. Katiba ya 2010 iliachia kaunti udhibiti wa magonjwa ya wanyama na utoaji wa leseni za mbwa, lakini cheti cha kimataifa ni cha serikali kuu, kupitia Idara ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete. Cheti cha Ulaya huishi siku 10 tangu kutolewa hadi kukaguliwa mpakani, na mwenye mbwa asafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mbwa, la sivyo safari inageuka kuwa ya biashara. Ndege ikiahirishwa wiki mbili, cheti kinaandikwa upya.

Marekani ina mlango wake. Tangu Agosti 1, 2024, mbwa aliyechanjwa Kenya lazima awe na miezi sita, fomu yenye saini ya daktari wa serikali, na nafasi iliyolipiwa katika kituo kilichosajiliwa kwenye moja ya viwanja vichache vilivyoruhusiwa. Asipokuwa na kipimo cha damu, hukaa humo siku 28. Kwa paka, serikali kuu ya huko haidai hata chanjo ya kichaa. Ulaya inamtaka paka afuate kila hatua ya mbwa.

Jambo moja linafaa kujulikana na anayengoja viza isiyo na tarehe: matokeo ya damu hayachakai Ulaya, ilimradi kila chanjo ya marudio idungwe kabla ile iliyotangulia haijaisha muda. Kwa hiyo damu inaweza kutolewa mapema, hata kabla ya ubalozi kujibu. Marudio yakichelewa kwa siku moja tu, kipimo kinakufa na hesabu inaanza tena kwenye sindano.