Orodha ya Homer na majina yasiyoandikwa

Wanafunzi wengi wanaosoma Iliadi ya Homer wakifika kitabu cha pili hukutana na orodha ndefu ya majeshi na merikebu, wakairuka. Walimu nao huwaachia. Ati ni kama kusomewa rejista ya darasa.

Hebu tuiangalie rejista yenyewe. Ina vikosi 29 na merikebu 1,186. Nireus alileta merikebu tatu tu, lakini mshairi analitaja jina lake mara tatu mfululizo kwa sababu ya uzuri wake, kisha hatumsikii tena katika utenzi mzima. Protesilaus alikuwa wa kwanza kuruka nchi kavu, akauawa papo hapo, akaacha mke na nyumba ambayo haijakwisha kujengwa. Haya ni matanga, si rejista.

Isitoshe, utenzi huu ulighaniwa. Msomaji anayedhani orodha haina ladha asimame kwenye steji ya matatu za namba 46 amsikilize makanga akiita Hurlingham, Yaya, Kawangware. Kila abiria ametega sikio apasikie kwake. Mgiriki naye aliusubiri mji wake hivyo hivyo.

Na kutajwa kulikuwa na faida. Athens na Megara zilipogombania kisiwa cha Salamis, Athens ilitoa ushahidi kutoka kwa Homer: Ajax wa Salamis alizipanga merikebu zake 12 kando ya jeshi la Athens. Tangu kale wapo waliomshuku Solon kwamba ndiye aliyeupachika mstari huo. Mstari mmoja kwa kisiwa kizima!

Mkazi wa Kibera hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mtaa huo ulianza kama makazi ya askari wenye asili ya Sudan wa King's African Rifles, ndio Wanubi wetu. Vizazi vyao vimezaliwa hapo, na bado kijana wa Kinubi akienda kutafuta kitambulisho alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kumhoji. Hatimiliki ya ekari 288 waliipata mwaka wa 2017.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Homer bila kipimo. Anasema atawataja makamanda na merikebu zao. Umati hangeweza kuumaliza hata angekuwa na ndimi kumi. Sawa, lakini wapiga makasia ndio waliozifikisha merikebu hizo Troy.

Sisi tumefanya vibaya zaidi. Pale Kenyatta Avenue wamesimama wanaume watatu wa shaba, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maneno yaliyotungwa na Kipling yanawaahidi kuwa wana wao watalikumbuka jina lao. Jina lenyewe halipo, hata moja. Mwaka wa 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa majina kama wenzao wa Ulaya.

Mwalimu atakayefika kitabu cha pili muhula ujao naomba asikiruke. Akisome kwa sauti, polepole, kisha awapeleke wanafunzi Kenyatta Avenue wakatafute jina.