Sifa za Cherehani ya Masista

Vita huswaga ng'ombe, huchoma nyumba, hung'oa mihogo kabla haijakomaa. Ujuzi wa mkono hauporwi. Ndiyo maana, katika kazi za masista wamisionari huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, naisifu ile isiyopigiwa debe: kufundisha kushona.

Siku ya sista huanza alfajiri kwa Masifu na misa, hufungwa kwa sala ya usiku. Katikati ni kazi. Aliyetoka ng'ambo hujifunza kwanza Kiswahili, kisha salamu za Kihunde, lugha ya wenyeji wa Masisi. Huko Masisi, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoasisiwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, lilifanya kazi na masista na walei miongoni mwa wakimbizi wa ndani, na ushonaji ulikuwa moja ya mafunzo ya akina mama.

Cherehani ya kukanyaga haidai umeme, na pasi ni ya makaa. Wateja nao wapo: mwanafunzi wa Kongo huvaa shati jeupe na sketi au suruali ya buluu, kwa hiyo kila Septemba fundi hakosi kazi.

Ufundi wenyewe hautaki pupa. Mwanafunzi hukanyaga kwanza bila uzi, mpaka mguu na mkono vipatane. Kisha hushona karatasi akifuata mstari. Kitenge huja mwisho, maana kikikatwa vibaya hakiungiki kikapendeza. Mshono uliopinda hufumuliwa, ukarudiwa. Hapo sista amefika penye fani yake: maisha yake ni kurudia, zaburi zilezile, saa zilezile, wala haoni aibu kuanza upya.

Nje ya Kivu pia, kule Dungu, kaskazini-mashariki mwa Kongo, Sista Angélique Namaika aliwafundisha kushona, kusoma na kuandika wanawake waliotoroka waasi wa LRA. Mwaka 2013 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikamtunuku Tuzo ya Nansen, ya wanaowahudumia wakimbizi.

Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi mjini. Machi wakafika mji wa Walikale, kwenye misitu na machimbo ya kasiterati, madini ya bati. Watu wakakimbia tena. Cherehani haibebwi mgongoni pamoja na mtoto, lakini anayejua kupima na kukata huanza upya kambini kwa sindano na mkasi.

Basi tunapochangia wakimbizi wa Kivu unga na blanketi, tuongeze cherehani na uzi. Unga tutautoa tena mwezi ujao. Aliyekwisha kuwa fundi hafundishwi mara ya pili.