Sauti Moja na Gitaa Moja: Uhakiki wa Rekodi za Kwanza za Mwenda Jean Bosco

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutazama wimbo kama shairi lililokosa nidhamu. Huyachukua maneno yake, huyaandika karatasini, huyapima kwa vina na mizani, kisha hutoa hukumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi, na kwamba kwetu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Bunia kina madhara. Mfano wetu ni rekodi za kwanza za Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, hususan wimbo wake "Masanga".

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, mji uliokuwa makao ya Msiri, mtawala wa Wayeke. Asili ya Wayeke ni Usumbwa, katika Tanzania ya leo; kwa hiyo njia iliyoleta Kiswahili Katanga ndiyo pia iliyowaleta wazee wa msanii huyu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya sasa, na katika mwaka huohuo "Masanga" ukapata Tuzo ya Osborn. Mwenda hakuwa na bendi. Alikuwa pia mbali na studio za Léopoldville, kama vile Ngoma iliyoanzishwa mwaka 1948, ambako Kilingala ndicho kilichotawala. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, akapiga gitaa mwenyewe. Sahani zake zilifika hata Kenya, na wapiga gitaa wa huko wakajifunza kwazo mtindo wa kucharaza kwa vidole viwili.

Tukianza na fani, jambo la kwanza linalomgusa msikilizaji ni uhusiano wa sauti na gitaa. Kidole gumba hushughulikia nyuzi za chini na kile cha shahada hupiga lahani juu yake, hata mtu akadhani wapigaji ni wawili. Sauti nayo haifuati lahani hiyo kama mtumishi amfuatavyo bwana wake, bali huingia, hukaa kimya na kuingia tena kwa hesabu yake yenyewe. David Rycroft, aliyeichambua kazi ya Mwenda kwa noti za muziki mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha wazi jinsi upigaji huo ulivyo na ufundi. Hata hivyo uchambuzi wake uliegemea gitaa. Lugha ya mwimbaji ilibaki pembeni.

Hatuna budi kukiri kwamba maneno ya nyimbo za namna hii, yakisomwa peke yake, hayaridhishi sana. Beti ni fupi, hazijengi kisa, na pengine ubeti mmoja ungeweza kuhamishiwa wimbo mwingine bila hasara. Mtu atafutaye mtiririko wa utenzi hataupata. Aidha, upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 ulibeba takriban dakika tatu tu. Lakini umoja wa "Masanga" haumo katika maneno pekee. Umo katika mchoro wa gitaa unaorudi kila mara, lakini haurudi vilevile; na katika sauti inayotujia kila mara kutoka upande tusioutazamia. Kuyatenga maneno na mchoro huo ni kuuondoa uti wa mgongo, kisha kulalamika kwamba mwili hausimami.

Suala la pili ni lugha. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga. Kama ilivyo katika Kiswahili chetu cha Ituri, huko husemwa "mutoto" na "batoto", si "mtoto" na "watoto". Mhakiki wa usanifu huona hapa kosa la kusahihishwa. Lakini tuyapime maneno hayo kwa kipimo chake mwenyewe: "mtoto" lina silabi tatu, na "mutoto" lina silabi tatu. Kwa mizani hakuna kilichopotea wala kuongezeka. Tofauti hutokea kinywani. Silabi ya "m" hufunga midomo, ilhali "mu" humpa mwimbaji irabu ya kuivuta na kuiegemea. Hatudai kwamba Mwenda alikaa akapima jambo hili. Aliimba kama watu wake walivyosema. Tunachodai ni kwamba sanaa yake imejengwa juu ya matamshi hayo. Edgar Polomé, Walter Schicho na Johannes Fabian walikwisha kukichunguza Kiswahili cha Katanga kama lugha yenye kanuni zake, na Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wameandika juu ya Kiswahili cha Bunia. Wanaisimu wamefika, wahakiki wa fasihi bado wako njiani.

Mambo haya yanatuhusu moja kwa moja. Kiswahili kilifika Ituri pamoja na Wangwana, kisha kikaenea zaidi katika migodi ya dhahabu ya Kilo na Moto, kama kilivyoenea Katanga katika migodi ya shaba. Mwaka huohuo wa 1952 Tracey alirekodi pia pembezoni mwa msitu wa Ituri. Lakini nyimbo hizo, zilipotolewa upya katika CD, zilitambulishwa jaladani kwa makabila: Wabudu, Wanande, Wambuti na wengineo. Katanga ilipata mtunzi. Ituri ilipata makabila. Ni kweli kwamba nyimbo za sauti nyingi za Wambuti ni kazi ya jamii, na kumtafutia kila wimbo mwenyewe mmoja kungekuwa upotoshaji. Hata hivyo, mazoea ya kutouliza jina yanaendelea hata pale mtunzi anapojulikana. Katika nchi iliyopoteza watu wengi hivyo katika vita vya miaka 1999 hadi 2003, jina la mtunzi si jambo dogo. Ni ushahidi kwamba mtu fulani aliishi na alikuwa na la kusema.

Leo kijana wa Bunia akituletea utungo wake wa gitaa, kalamu nyekundu hulitangulia sikio. Matokeo yake ni kwamba ama huhamia Kilingala, ama huandika Kiswahili ambacho hata yeye hakisemi. Hatupingi Kiswahili sanifu. Bila hicho hatuwezi kusomana na wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi. Lakini Katiba ya mwaka 2006 iliitaja lugha hii kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa bila kubainisha kwamba ni ya Unguja.

Tunapendekeza basi mambo matatu: nyimbo zinukuliwe kama zilivyoimbwa, jina la mtunzi liandikwe kila linapojulikana, na mwanafunzi asiruhusiwe kuuhakiki wimbo ambao hajausikiliza. "Masanga" uwe somo la kwanza.